Sahihi ya Pili kwenye Hundi za Kanisa

Ukikaa kwenye kiti cha mumewe Bi Risiti kunyolewa, kabla mashine haijafika sikioni utakuwa umeshasikia habari ya nyanya. "Natoka sokoni na mafungu mawili," husema yule kinyozi, "nafika nyumbani naulizwa, risiti iko wapi? Nikamwambia muuzaji hana risiti, ana beseni. Nikaambiwa basi andika mwenyewe, weka tarehe, tia saini." Wateja hucheka. Naye huwaacha wamalize, halafu huongeza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoboa siri, kwamba tangu amwoe mwanamke huyo hajawahi kudaiwa na mtu.

Jina la Bi Risiti alipewa kanisani, na hakulikataa. Huu ni mwaka wake wa kumi na tano akiwa mweka hazina wa Mfuko wa Huruma, ule mfuko unaowalipia wagonjwa dawa, wajane kodi ya nyumba, na watoto wasio na mtu ada ya shule. Kazi haina mshahara. Maisha yake yote ya ajira alikuwa karani wa hesabu hospitalini, na alipostaafu watu walidhani sasa atapumzika. Hawakumjua.

Ofisi yake ni chumba kimoja nyuma ya kanisa, kati ya stoo ya viti na bomba la maji. Kuna meza, feni inayolalamika, na kabati la chuma lenye kufuli mbili. Ufunguo wa kwanza anao yeye. Wa pili anao mama anayefagia kanisa, ambaye huuvaa shingoni kwa kamba hata akioga. Hilo lilikuwa agizo la Bi Risiti mwenyewe, ili asiwepo mtu anayeweza kulifungua kabati peke yake, na mtu wa kwanza aliyemfikiria alikuwa yeye mwenyewe. Mwaka juzi mama wa kufagia aliugua homa siku nne, na kwa siku nne kabati halikufunguliwa. Mchungaji alipokuja kuomba angalau muhuri, aliambiwa amwombee mgonjwa apone.

Wageni kanisani humwona mkali. Mmoja alimuuliza, "Kwani mama, hutuamini?" Akajibiwa, "Nawapenda wote. Ila mali bila daftari hupotea bila habari, hata ikiwa ya Mungu." Na ni kweli anawapenda. Watoto wote wanaolipiwa ada anawajua kwa majina, na ripoti zao za shule huzisoma neno kwa neno. Aliyeshuka kwenye hesabu huitwa ofisini, akakalishwa chini ya feni, akaulizwa kulikoni, na mara nyingi akaondoka na daftari jipya ambalo halikununuliwa kwa fedha za Mfuko.

Ndani ya mlango wa kabati amebandika kanuni nane, alizoziandika kwa mkono wake mwaka alipoanza kazi. Hakuna fedha taslimu kupita mkononi. Hakuna hundi bila hati ya malipo na viambatisho vyake. Taarifa ya benki italinganishwa na daftari kila mwisho wa mwezi, iwe jua, iwe mvua. Na kadhalika, mpaka ya nane, inayosema kwamba kanuni hizi zinamhusu pia aliyeziandika.

Sasa, hundi ya Mfuko haiwi hundi mpaka iwe na sahihi mbili. Ya kwanza ni ya Bi Risiti. Ya pili ilikuwa ya Mwalimu. Alikuwapo mtu wa tatu, fundi seremala, wa kushika zamu mmoja wao akisafiri, lakini alifariki mwaka jana, na fomu ya kumweka mwingine ilikuwa imelala kwenye droo ya Mchungaji ikisubiri kikao. Basi wakabaki wawili.

Mwalimu ana miaka themanini kasoro miwili. Ndiye aliyemfundisha Bi Risiti kuandika, darasa la kwanza, na si yeye tu. Nusu ya waumini walipita mikononi mwake, na wengine wazima na ndevu zao bado huficha kucha chafu wakimwona. Sahihi yake ilikuwa ya kutazamwa. Herufi ya kwanza imesimama wima, nyingine zinaifuata kwa adabu, na mwishoni mstari mmoja mrefu unarudi nyuma kupita chini ya jina lote. Keshia mmoja wa benki alisema huona vibaya kuigonga muhuri.

Wala hakuwa mtu wa kusaini tu kwa sababu kaletewa. "Huyu mama kodi yake mwezi uliopita ilikuwa ndogo kuliko hii. Imepanda kwa nini? Barua ya mwenye nyumba iko wapi?" Barua isipokuwapo, kofia kichwani, anaondoka. Watia sahihi wengine wangemchosha mweka hazina kwa kuchelewa. Huyu alimchosha kwa kusoma, na Bi Risiti alimpenda kwa hilo. Baba yake mzazi alikufa yeye akiwa mdogo, na tangu hapo, kila alipotaka kumwonyesha mtu kazi aliyoifanya vizuri, alikwenda kwa Mwalimu.

Halafu magoti ya Mwalimu yakaanza kugoma. Kutoka kwake mpaka kanisani ni mwendo wa dakika kumi kwa mtu mzima wa afya, na kuna mlima. Siku moja Bi Risiti alimkuta amekaa juu ya jiwe nusu ya njia, amevua koti, anahema, na moyo ukamuuma. Kuanzia wiki ile akawa anatia hundi, hati na viambatisho kwenye bahasha, anaifunga kwa gundi, na mama wa kufagia anaipeleka jioni akienda nyumbani. Asubuhi ya pili bahasha inarudi, hundi imesainiwa, na mara nyingi kuna kikaratasi chenye swali. Kanuni ya nne ilisema mtia sahihi wa pili atasaini ofisini, mbele ya mweka hazina, baada ya kusoma hati zote. Bi Risiti alijiambia kwamba kusoma anasoma, na kwamba magoti ya mzee ni bora kuliko herufi za kanuni. Kwa mtu mwingine yeyote asingejiambia hivyo.

Yaliyotokea yalitokea wiki moja, kuanzia Jumatatu hadi Jumapili.

Jumatatu aliandika hundi ya ada za mtihani wa mwisho kwa watoto kumi na wawili wa Mfuko. Mwisho wa kulipa ulikuwa Ijumaa saa sita mchana. Asiyelipiwa anakaa nyumbani mwaka mzima. Jumanne bahasha ikarudi. Hundi ilikuwa imetazamishwa chini, jambo ambalo halikuwa kawaida, lakini alikuwa na haraka, akaifunika kwa fomu za shule, akaipeleka benki hivyo hivyo bila kuigeuza. Jumatano asubuhi akapigiwa simu. Hundi imekataliwa.

Pale dirishani keshia alimwonyesha. Huku kielelezo cha sahihi ya Mwalimu ambacho benki ilikihifadhi tangu zamani, huku hundi. Kwenye hundi kulikuwa na kitu kilichopanda, kikashuka, kikakatika katikati, kikaendelea mbele ya safari. "Mama, hii si saini yake," keshia akasema kwa upole. "Sisemi mtu kaiba. Nasema tu hailingani."

Bi Risiti hakupita hata ofisini. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu, na njiani alikuwa ameshamkasirikia mtu asiyemjua, huyo aliyethubutu kuighushi sahihi ile.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na jua lote hili kwa sababu ya karatasi?"

Alikuwa peke yake. Mkewe alikuwa amekwenda kwa binti yao aliyejifungua, wiki ya tatu sasa. Sebuleni palikuwa safi, vitabu vimepangwa, na mezani kikombe cha chai kilichojazwa nusu. Mwalimu alikaa kitini, mikono ameiingiza chini ya mapaja, ameikalia. Alimkaribisha mgeni chai lakini hakunyanyuka kuimimina, na Bi Risiti, aliyemjua mzee huyu kuwa mtu wa kumhudumia mgeni hata mgeni akiwa mtoto, akaanza kuingiwa na wasiwasi.

Akatoa karatasi tupu na kalamu. "Nisainie hapa, Mwalimu. Nilinganishe."

Mwalimu akasema miwani haioni vizuri leo. Akasema mwanga ni mdogo. Kisha akatoa mikono. Kalamu ilipogusa karatasi ikaanza kucheza. Akaukamata mkono wa kulia kwa wa kushoto, ukatulia kidogo, halafu ikatetemeka yote miwili. Kilichobaki kwenye karatasi kilikuwa ndugu wa kile cha benki. Hundi ile ilikuwa halali kabisa; aliyeisaini ni mwenyewe.

Na hapo ndipo swali lingine lilipomjia Bi Risiti. Kama hii ndiyo ya Mwalimu, zile nyingine nzuri zilizopita ni za nani?

"Tangu lini, Mwalimu?"

"Mwaka jana. Kabla ya mvua."

"Na hundi zote hizi?"

Mwalimu alitazama mlangoni, kama anayengoja mtu aje kumsaidia kujibu. "Mama yenu ana mkono mzuri," akasema. "Nilimfundisha mwenyewe."

Basi akaeleza. Alipomwoa, mkewe hakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu alimfundisha jioni, mezani, kwa kuandika mstari mmoja naye aufuate chini yake, mpaka mkono wake ukawa mkono wa mumewe. Barua za watoto shuleni aliziandika yeye, na walimu wakadhani ni za baba. Mikono ya Mwalimu ilipoanza kutetemeka, walisaidiana kuficha. Mzee aliona haya, na mke aliona haya yake, basi ikaisha hivyo. Bahasha ilipokuja jioni, Mwalimu alisoma kila karatasi, akauliza maswali yake, akaridhika, akasema "andika," na mke akaandika. Safari hii bahasha ilikuja mke hayupo, na Mwalimu hakuwa na ujasiri wa kuirudisha tupu.

"Hakuna niliyoipitisha bila kuisoma," akasema. "Yeye alishika kalamu tu. Kuna hata senti iliyopotea?"

Mtu mwingine angesema hakuna, Mwalimu, tulia. Bi Risiti alimtazama mzee aliyemshika mkono kumwonyesha herufi ya kwanza ya jina lake, akatamani sana kusema hivyo. "Sijui," akasema. "Nitaangalia."

Aliangalia mchana kutwa. Kutoka kabla ya mvua za mwaka jana zilikuwa hundi thelathini na moja. Alizitoa moja moja, akalinganisha kishina cha hundi na hati, hati na barua, barua na taarifa ya benki, na pale alipokuwa na shaka akampigia simu aliyelipwa. Zote zilikuwa sawa. Fedha yote ilikuwa imefika ilikotakiwa kufika. Alipofunga faili la mwisho alilia kidogo, kwa sababu ingekuwa rahisi zaidi kama angekuta wizi.

Mke wa Mwalimu alimpigia simu jioni ile. "Mwanangu, Mwalimu kaniambia. Mimi nafika kesho jioni. Ijumaa asubuhi niletee kitabu cha hundi, nikusainie, watoto wafanye mtihani wao. Mengine tutazungumza baadaye."

"Mama, haiwezekani."

"Inawezekana. Nimeifanya mara thelathini."

"Thelathini na moja," Bi Risiti akasema, na akakata simu kabla hajashindwa.

Alhamisi alimweleza Mchungaji, kijana mpole asiyependa kelele hata za kengele. Mchungaji alishika tama. "Watoto kumi na wawili, mama," akasema. "Mzee hana deni na mtu. Mambo kama haya si tunayafunika kwa upendo?"

"Upendo ndio uliofanya haya, Mchungaji. Wa mke wa Mwalimu kwa mumewe, na wa kwangu kwa magoti ya mzee. Siku akija mwizi atapita mlango huu huu tuliouacha wazi sisi wapendanao. Na ile fomu ya mtu wa tatu iko wapi?"

Mchungaji akafungua droo polepole. Fomu ilikuwa imepata alama ya kikombe cha chai.

Kumweka mtu mpya kungechukua wiki mbili, benki walisema. Lakini meneja alikuwa na njia nyingine: mtia sahihi asiyeweza kusaini anaweza kuja mwenyewe na kitambulisho chake na barua ya Mchungaji, akaweka dole gumba kwenye hundi mbele ya ofisa wa benki. Ni halali. Dakika kumi tu.

Bi Risiti akarudi kwa Mwalimu na habari hiyo kama mtu anayeleta dawa. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Dole gumba," akasema.

"Mara moja tu, Mwalimu. Watoto."

"Mwanangu, mji huu nimewatoa watu kwenye dole gumba kwa miaka arobaini. Wazee walikuja darasani kwangu usiku na taa zao ili siku ya mshahara wasipakwe wino mbele ya watu. Leo niende mimi." Alisimama, na kwa Mwalimu kusimama maana yake somo limekwisha. "Nenda nyumbani."

Kinyozi alimkuta mkewe jikoni amekaa, viazi havijamenywa. Akachukua kisu, akakaa kumenya yeye, akaambiwa yote. Hakuwa mtu wa dini sana. Kanisani alikwenda kwa sababu wateja wake wako huko. Alimenya viazi vitatu kwanza.

"Akili ni nywele," akasema, "na mimi nywele ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nisikilize. Ulipokwenda kwa mzee, ulimwambia kosa lake?"

"Nilimwambia."

"Na la mkewe?"

"Pia."

"Na lako?"

Bi Risiti akaanza kuokota maganda.

"Umekwenda kama mkaguzi," kinyozi akasema. "Mzee huyo ulipokuwa na miaka saba alikutazama ukikosea, hukuona haya. Sasa unamtaka akosee yeye, wewe umesimama na faili." Akamsogezea bakuli. "Menya, mke wangu. Na hivi viazi sina risiti yake."

Usiku huo huo Bi Risiti aliandika ripoti kwa kamati. Ukurasa mmoja.

Ijumaa saa tatu alikuwa mlangoni kwa Mwalimu. Mkewe alikuwa amerudi, mama mfupi, mweusi wa kung'aa, na mezani ameshaweka kalamu, karatasi ya kujaribia na miwani, tayari kwa kazi. "Leta hapa tumalize," akasema. "Nitalaumiwa mimi."

"Mama, ngoja kwanza niwasomee kitu." Akasoma akiwa amesimama. "'Mimi, mweka hazina, nilikiuka kanuni ya nne niliyoiandika mwenyewe. Nilipeleka hundi nyumbani kwa mtia sahihi badala ya kumfuata na kukaa mbele yake akisaini. Nilifanya hivyo kwa sababu ya heshima na mapenzi. Kwa kosa hilo hundi thelathini na moja zilisainiwa na mtu asiyeruhusiwa, nami sikujua, ingawa kujua ndiyo kazi yangu. Naiomba kamati iamue kama nafaa kuendelea.'" Chini yake ndipo yalipofuata ya Mwalimu na mkewe, mistari mitatu tu.

Mwalimu alinyoosha mkono akaomba karatasi. Ikacheza cheza hewani mpaka mkewe akamshikia upande mmoja. Akaisoma yote.

"Futa 'heshima na mapenzi,'" akasema. "Sababu si sehemu ya kosa."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na usingenificha hata mimi?"

"Ningetaka, Mwalimu. Jumatano nilitamani nikufiche. Lakini nikikuficha wewe, kesho sitaweza kumuuliza mtu yeyote risiti. Nitakuwa nacheza tu."

Mke wa Mwalimu aliitazama kalamu yake mezani, akaisukuma pembeni kwa kidole.

"Mama," Mwalimu akamwambia mkewe, "nipe koti."

Kinyozi alikuwa nje na teksi ya rafiki yake, injini inanguruma, hakuna aliyemwagiza. Benki ilikuwa imejaa. Meneja, aliyejua kinachoendelea, akataka kumwingiza mzee ofisini kwake na kufunga mlango, asionekane na watu. Mwalimu akakataa. "Hundi ya watu isainiwe mbele ya watu," akasema, na akasimama kwenye foleni. Mtu wa mbele yake aligeuka, akamwona, akavua kofia na kumpisha. Na wa mbele yake pia. Foleni nzima ilikuwa ya wanafunzi wake na watoto wa wanafunzi wake, na hakuna aliyeuliza kitu.

Dirishani wakamletea kikasha cha wino. Mwalimu alikitazama. Kidole kilikuwa kinatetemeka, na Bi Risiti alijua hawezi kumshika. Ndiyo maana ya yote haya, asimshike. Aliiweka mikono yake nyuma na kuibana. Mzee akalichovya dole, akalipeleka kwenye hundi, likatua. Keshia akaandika pembeni jina lake na saa: tano na dakika kumi. Mwalimu aliiangalia alama ile nyeusi kwa muda, akauliza kama inasomeka, akaambiwa ndiyo.

"Basi," akasema. Lakini teksini alitazama nje njia nzima, na mkewe alimfuta kidole kwa kanga taratibu, bila kufanikiwa sana, maana wino ule si wa mchezo.

Jumapili baada ya ibada kamati ilikaa, watu saba kwenye viti vya stoo. Ripoti ikasomwa, bila heshima na mapenzi. Wengine walitaka yaishe hapo hapo, mzee wetu huyu, fedha zipo, tufunge kwa sala. Mwalimu akanyanyua mkono wenye kidole cheusi na kusema iandikwe. Ikaandikwa. Bi Risiti akapewa onyo kwa maandishi, akaendelea na kazi. Onyo lenyewe alilitoboa matundu mawili, akalitia kwenye faili lake, akaandika namba. Mchungaji naye akapata lake kwa ajili ya droo. Mwalimu akashukuriwa na kupumzishwa, watu wawili wapya wakachaguliwa, na benki ikaandikiwa barua ya kueleza yote. Mkewe akasamehewa, ila akatakiwa, kama wenzake wawili, kutia sahihi chini ya kumbukumbu za kikao kwamba yaliyoandikwa ni kweli.

Bi Risiti alisaini wa kwanza. Mwalimu akaweka dole, safari hii haraka, kama mtu aliyezoea. Kisha karatasi ikapelekwa kwa mama.

Akavaa miwani. Akashika kalamu kwa uhakika, mkono mzuri, usiotetemeka, na herufi ya kwanza ikasimama wima. Bi Risiti akaona, akamgusa bega.

"Mama, hiyo ni ya Mwalimu. Tunataka yako."

Mama alisimamisha kalamu. Alitazama alichokianza, akawatazama watu saba, akamtazama mumewe. "Yangu?" akasema. "Yangu sina."

Hakuwa anafanya mzaha. Kitambulisho chake alikichukua zamani, kabla hajaolewa, kwa dole. Barua zote alizowahi kuandika zilikuwa za jina la mumewe, na hundi zote. Hakuna karatasi iliyowahi kumtaka yeye.

Mwalimu alisogeza kiti chake karibu. Aliukata ule mwanzo kwa ukucha, kwa kuwa kalamu asingeiweza, akamwonyesha nafasi tupu chini yake.

"Andika jina lako," akasema. "Lile la kwenu."

Ilichukua muda. Mama aliandika herufi moja moja, kubwa, akitamka kwa midomo bila sauti, na nyingine ilikuja kubwa kuliko mwenzake. Alipomaliza alivua miwani na kuisogeza karatasi kwa mumewe, naye Mwalimu akalisoma jina lile mara mbili, mkono juu ya meza, unatetemeka mbele ya watu wote.

"Nilikuanzishia na langu," akamwambia. "Nilikosea. Ilikuwa tuanze na hili."

Bi Risiti aliichukua karatasi, akapuliza wino ukauke, akaandika tarehe.